Samaki wa Maji Baridi

Jumatatu, 5 Januari

Maji yamelala kwenye ndoo tangu jana ili dawa ya bomba ipungue. Nusu nimemimina kwenye tangi la samaki, nusu nimeogea. Majani yameshika mchanga, isipokuwa lile refu la pembeni linalong'oka kila nikiwasha pampu. Nimelifunga kwa uzi kwenye jiwe. Duka nimelifungua kwa kuchelewa. Kariakoo mteja wa sufuria hamsubiri mtu, anavuka barabara tu.

Mama hakulitazama tangi. Anatazama mlango. Begi lake liko nyuma ya mlango huo tangu nilipomleta kutoka Kilwa, zipu imefungwa. Akitaka kanga anafungua, anatoa moja, anafunga. Leo kaniambia tena: mwezi wa Ramadhani anafungia kwake, Kilwa. Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumatano, 7 Januari

Kwake hakuna mtu. Mama alianguka uani, akalala chini mpaka alfajiri jirani alipokuja kuomba moto. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Toka siku hiyo simu ikiita na ni namba ya Kilwa, napokea kabla haijaita mara ya pili.

Hiyo ndiyo sababu ya tangi. Sikulinunua kwa mapenzi ya samaki. Nataka kitu cha kumketisha.

Jumamosi, 10 Januari

Samaki wa kwanza. Nimewachukua kwa Hitesh, duka lake liko ghorofani karibu na Mnazi Mmoja. Nilitaka kila rangi. Kanipa gapi wachache tu, wale wadogo wenye mikia. Anasema tangi bado changa, vile vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki havijazaliana vya kutosha. Unaweka wachache, unasubiri, unaongeza wachache.

Nimemwambia mimi ni mfanyabiashara, rafu tupu inanitia homa. Akasema, "Dada Mwanaidi, ukijaza leo, kesho kutwa utarudi kunilaumu."

Mfuko unatakiwa uelee kwanza juu ya maji, halafu unatia ndani yake maji ya tangi kidogo kidogo, kwa kikombe cha kahawa. Mpaka samaki wazoee. Nimeuweka mfuko uelee, nimetia vikombe viwili, nikasikia kitunguu kinaungua jikoni. Nimewamwaga wote.

Mama kauliza mambo mawili. Kama wanaliwa, na kama tuwatie chumvi, maana anaowajua yeye ni wa baharini. Nilikuwa nakoroga mchuzi, nimepiga kelele kutoka jikoni: hawa ni samaki wa maji baridi, Mama, chumvi usiwatie kabisa. Akasema ahaa.

Jumanne, 13 Januari

Nimerudi nikakuta kiti cha Mama kimegeuzwa. Kilikuwa kinatazama mlango, sasa kinatazama tangi. Nimepita kama sikuona.

Ijumaa, 16 Januari

Yule gapi mwenye mkia mrefu kapewa jina. Bi Harusi. Nimempigia simu Hitesh kuuliza chakula, akacheka, akasema mwenye mkia mrefu ni dume. Nimemfikishia Mama. Akasema hajali, hata madume wa mjini siku hizi wanajipamba.

Kisha akauliza kama ni kweli huyo Hitesh kwao hawali samaki. Nikasema kwao hawali hata yai. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Mtu anauza samaki maisha yake yote na hajui ladha yake. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanguke.

Alipomaliza kucheka akauliza mabasi ya Kilwa yanaondoka siku gani. Nikasema sijui. Najua. Kila siku.

Jumamosi, 24 Januari

Hitesh kanipa kambare wawili, wadogo kama kidole gumba, wanaotembea chini na kuchokonoa mchanga. Nimeomba zaidi. Amekataa. Mfanyabiashara gani anakataa pesa?

Jumatano, 28 Januari

Siku mbaya. Mama hakai. Anatoka chumbani kwenda barazani, barazani kwenda dirishani. Anasema hapa kila kitu kinasukumana, hata adhana zinasukumana. Anasema ngazi za nyumba hii zimejengwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na wazee. Kahesabu miezi kwa vidole: Rajabu imekwisha, Shaabani inakatika. Begi kalivuta karibu zaidi na mlango.

Nimetoka dukani mapema. Barabarani kuna mmoja anauza samaki kwenye mifuko, kaning'iniza ukutani. Nimechukua mifuko mitatu. Wale wembamba wenye mstari wa bluu unaowaka. Sikuuacha mfuko uelee, sikutafuta kikombe. Nimekata kwa mkasi nikamwaga.

Tangi limekuwa harusi. Mama kakaa mbele yake mpaka magharibi. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu nilifurahi kweli.

Ijumaa, 30 Januari

Maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Wanne wanaelea. Wengine wamepanda juu wanavuta pumzi mdomo wazi.

Hitesh kwenye simu hakunifokea. Kasema nisiwape chakula, nibadilishe maji kidogo kila siku. Ningependa angefoka.

Mama kasema, "Umewaingiza wote kwa mpigo. Hata watu, kabla ya kukaa pamoja, husalimiana."

Jumapili, 1 Februari

Ndoo. Ndoo. Ndoo. Mgongo unaniuma. Maji ya kisima cha nyumba hii yana chumvi, hayafai, nangojea ya bomba na ya bomba yanakuja yakipenda. Mama kaonja ya kisima akatema. Kasema maji matamu ya kwao hayana mfano. Kila kitu cha kwao hakina mfano. Nimemjibu vibaya.

Ijumaa, 6 Februari

Maji yameng'aa. Waliobaki wanakula. Lile jani refu limetoa chipukizi. Bi Harusi yuko hai na maringo yake.

Mama ndiye anayewalisha sasa. Mimi nikishika kile kikopo cha chakula ananiambia natia kingi. Anamenya vitunguu saumu mbele ya tangi, anazungumza nao. Mama Faudhia, jirani wa mlango wa pili anayeuza barafu za chupa, anakuja kukaa naye. Nikiwa dukani sipigi tena simu kila saa.

Nimeanza kutumaini. Sipendi kutumaini, kunanikosesha usingizi.

Jumatatu, 9 Februari

Umeme ulikatika asubuhi. Dukani joto lilikuwa la kuivisha mkate. Nimerudi alasiri, nimepanda ngazi, nimefungua mlango.

Chupa za barafu ndani ya tangi. Kubwa, za Mama Faudhia, zimesimama katikati ya majani. Nyingine zimepasuliwa, mabonge yenyewe yanaelea. Kioo kinatoka jasho. Mama ameketi, mkono mmoja ndani ya maji, anakoroga taratibu. Ananitazama kwa fahari. Kasema umeme ulipokatika aliona wanahema, akajua maji yao yameshika moto.

Bi Harusi alikuwa ubavu juu. Wale wenye mstari wote. Gapi wote.

Nilipiga kelele. Sitaandika yote niliyosema. Nilisema nani kamwambia aguse. Nilisema amewaua. Nilisema, na hili naliandika kwa sababu ndilo lililobaki hewani, kwamba hawezi kuachwa peke yake hata na samaki.

Alitoa mkono majini, akaufuta kwa upindo wa kanga. Akaenda chumbani.

Jumanne, 10 Februari

Asubuhi alikuwa amevaa. Buibui, viatu, begi miguuni. Kasema Alhamisi anaondoka, leo anajizoeza tu kuvaa. Sikujua nicheke au nini.

Nikauliza kwa nini barafu, Mama. Niliuliza taratibu, nilikuwa nimechoka. Akanitazama kama ananisikitikia.

"Wewe ndiye uliyesema. Samaki wa maji baridi. Kwetu maji yasiyo na chumvi ni maji matamu, hayana jina jingine. Ulisema baridi, nikawatafutia baridi. Nimemsumbua mwenzangu mpaka kamaliza friji yake."

Nilitoka. Nimekaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nikalia, watu wa mizigo wananiruka. Maji matamu. Nimekulia na neno hilo. Nilitumwa maji matamu kisimani kabla sijajua kuhesabu. Juzi tu kalitamka mbele yangu na mimi nikamjibu vibaya. Nimekaa mjini mpaka namwambia mama yangu jambo kwa maneno ya wauza samaki, halafu namfokea kwa kunielewa.

Dukani nimegombana na mteja juu ya mfuniko.

Jumatano, 11 Februari

Nimemwomba radhi. Kasema yamekwisha. Kwa sauti ile ya mambo ambayo hayajaisha.

Kambare wako hai. Wote wawili. Walijificha chini ya jiwe, kwenye majani. Nimemwita aje awaone. Kasema kesho ana safari, anafunga nguo. Nguo zipi? Zimo begini tangu afike.

Nimemsimulia Hitesh. Alicheka kidogo kwenye neno baridi, kisha akaacha. Akasema bibi yake alikuwa akichanganya Kigujarati na Kiswahili hivyo hivyo, nyumba nzima ikacheka, mpaka siku moja akaacha kuzungumza. Kanipa gapi watano. Nikasema safari hii sitaki, hakuna wa kuwatazama. Kasema weka, tangi lina nafasi, kambare wanataka wenzao.

Alhamisi, 12 Februari

Nilihitaji kumpeleka stendi kabla jua halijakaza. Lakini mfuko wa gapi ulikuwa umelala jikoni usiku kucha, na Hitesh alionya kwamba asubuhi lazima waingie. Nikauweka uelee juu ya maji. Nikamwomba Mama aushikilie tu usipinduke, mimi nishuke kutafuta bajaji. Sikupanga. Au nilipanga, sijui.

Nikapata bajaji, nikaacha dereva chini, nikapanda.

Mama alikuwa amevua buibui. Amekunja mikono ya gauni. Kikombe cha kahawa mkononi. Anachota maji ya tangi, anatia kwenye mfuko, anasema bismillahi, anangoja. Anachota tena. Nani alimfundisha? Hakuna. Alinitazama mimi nikiharibu, akajua inavyotakiwa.

Bajaji ikapiga honi. Nikasema Mama, basi litatuacha. Honi tena.

Hakugeuka. "Mwambie huyo aende zake. Wageni hawajazoea maji."

Nimeshuka ngazi zote, nimemlipa dereva kwa usumbufu. Alikuwa na maneno yake. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Nilipopanda tena alikuwa bado anachota.

Jumatatu, 16 Februari

Vunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya mfungo. Mama Faudhia kaleta nyama, Mama kapika wali wa nazi, kanifukuza jikoni kwangu mwenyewe. Nimekula mpaka nimefungua kitufe. Hatukuzungumza habari za Kilwa. Hatukuzungumza habari za tarehe tisa.

Begi liko nyuma ya mlango. Nimelitazama lakini sijaligusa. Kanga tatu ziko kwenye kamba ya barazani, sijui kama ni za kurudi begini.

Gapi wapya wamekaa vizuri. Kuna mmoja mkia wake ni mwekundu. Hajapewa jina.

Jumatano, 18 Februari

Watu wako madirishani wanautafuta mwezi. Hapa mwezi unautafuta kati ya ghorofa na ghorofa. Mama kasema nitaambiwa na redio, nisivunje shingo.

Nilimwambia Jumamosi nitapita kwa Hitesh, nione kama ana wale wenye mstari. Mama alikuwa anawalisha, anasaga chembe kwa vidole.

"Usiongeze wengine sasa hivi," kasema. "Hawa wazoee kwanza. Tutaangalia baada ya Idi."

Baada ya Idi. Sikutaka kuonyesha uso wangu. Nimesema sawa, Mama. Nimechukua ndoo, nimeenda kukinga maji matamu kabla hayajakatika.