Kikombe Juu ya Kadi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima, lakini acha kwanza nikugombeze. Nani alikutuma uniandikie kwenye kadi isiyo na bahasha, tena na mtaa na namba ya nyumba unamojificha? Mleta barua aliisoma njiani, akapita akitangaza kwamba umenisalimu. Saa sita mumeo alikuwa sebuleni kwangu.

"Shemeji, kadi yake iko wapi?"

Unazijua kadi zangu, mia mbili na zaidi, za watu wa dunia nzima nisiowajua hata kwa sura. Zilijaa ukutani. Yako ilikuwa bado mezani, picha juu. Nikamkaribisha chai, kikombe na kisahani nikaviweka juu ya kadi hiyo.

Hakukaa. Alianza kuzibandua moja moja, anageuza, anasoma, anatupa chini. Ya mwalimu mstaafu anayenichorea paka wake. Ya yule bibi wa mbali aliyejifunza kuandika "dada mpendwa". Mazoea yana taabu, mdogo wangu: kila alipogeuka nilijikuta nasema, "Chai inapoa, shemeji," kisha najiuma ulimi.

Ukuta ulipokwisha akaondoka, akisema atarudi kesho. Chai hakuigusa. Tangu nizaliwe sijawahi kumshukuru mgeni kwa kukataa chai yangu, ila leo.

Kadi yako nimeichoma. Ukimaliza kusoma barua hii, hama. Na huko utakakokwenda, hata nikikulilia vipi, usiniandikie.

Ni mimi dada yako, mwenye ukuta mtupu.