Mbavu Nilizokuvunja, Baba Zawadi

Baba Zawadi,

Salamu nimezitafuta sijazipata, basi tuendelee bila salamu. Simu hupokei, meseji unasoma unanyamaza, na kaka yako ameniambia nisikusumbue, eti unapumzika huko Masasi kwa mama yako. Haya, pumzika. Ila maneno uliyoyaacha huku hayajapumzika, yanatembea Kiwalani nzima mpaka gengeni ninaponunua nyanya. Ndiyo maana na mie naandika hadharani. Anayetaka kusoma asome.

Nianze na ile Jumapili, maana naona umeisahau. Feni ya sebuleni iligoma, nikakwambia mwite fundi umeme. Ukacheka. "Mie fundi mzima nimwite fundi?" Fundi wa makabati, Baba Zawadi! Fundi wa Keko, vitanda vyako watu wanavigombania, lakini umeme na wewe wapi na wapi? Sakafu ndiyo kwanza nilikuwa nimeipiga deki. Nikiwa jikoni nikasikia kishindo. Nilipoingia ulikuwa chini, mkono wa kulia bado umeng'ang'ania waya.

Nikakimbilia swichi kubwa nikaizima kwanza, ndipo nikakugusa. Nikakuita, kimya. Nikasogeza shavu puani pako, hakuna pumzi. Majirani wakajaa. Mmoja anataka umwagiwe maji, mwingine anasema tukutoe nje tukufukie mchanga ili ardhi ivute umeme. Niliwafukuza kama kuku. Nikamwambia Shabani wa nyumba ya pili atafute gari, nikapiga magoti pembeni yako.

Unakumbuka ile semina ya huduma ya kwanza waliyotuletea pale shuleni, sie walimu wa chekechea? Niliporudi nikawa nafanya mazoezi kwenye mto wa kochi, na wewe unanicheka: "Mwalimu, huo mto umeshafufuka, uache sasa." Basi ndiyo niliyokufanyia. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, nikakandamiza kwa nguvu na kwa haraka, nakiacha kifua kipande, nakandamiza tena. Mara kukasikika mlio, ka! Mama mmoja mlangoni akapiga kelele, "Unamuua mwenzio!" Mie ule mlio niliujua. Tuliambiwa kwenye semina kwamba ukikandamiza inavyotakiwa mbavu zinaweza kuvunjika, na hata zikivunjika usiache, kwa sababu mbavu zinaunga. Sikuacha. Nilikuwa nalia, jasho linadondoka, na nilikuwa nakutukana pia, nisiseme uongo. Halafu ukakoroma. Ukavuta pumzi moja mbaya, ya kukwaruza, na tangu nizaliwe sijasikia sauti nzuri kama ile.

Hospitali, daktari alikwambia ukiwa na akili zako timamu, "Mke wako ndiye aliyekurudisha." Ukanishika kwa mkono wa kushoto ukalia. Ukasema, "Mama Zawadi, sitakusahau." Nilikuamini.

Mbavu ziliunga, tukazisahau kabisa. Mkono ndio uliokataa. Vidole vilijikunja, patasi haishikiki, randa ndiyo usiseme. Moyo nao ukawa mchovu, ukitoka kibarazani kwenda chooni unahema. Wenzako wa Keko mwanzoni walikuja na matunda na utani wao. Baadaye nikagundua kitu: wanakaa mbele yako, wananiuliza mie, "Shemeji, anakula? Analala?" Kana kwamba ulimi ndio uliokauka. Wewe unatazama chini. Nikaona unavyopungua kila siku. Ndevu hunyoi, redio hutaki, mtoto akikuletea michoro yake unageukia ukutani. Asubuhi moja nakufunga vifungo vya shati, ukaniambia taratibu, "Ungeniacha tu palepale." Nikamaliza vifungo vyote, nikaenda kulia chooni.

Sikukaa nikitazama. Nilikubembeleza mpaka tukaenda kwa yule mshauri wa afya ya akili, dada mpole mwenye miwani. Akasema hiyo inaitwa sonona, na inatibika. Akasema mtu aliyejijua miaka yote kwa kazi ya mikono yake, mkono ukigoma, na akili nayo inaumia. Si wazimu na si uvivu. Mazoezi ya vidole na mazungumzo viende pamoja, alisema, kimoja bila kingine hakitoshi. Ulienda mwanzoni, halafu ukakataa. "Watu wataniona nimerukwa." Hilo nalo nilikuelewa. Nilikuelewa kila kitu mimi, mpaka siku ya kikao.

Kikao kikafanyika kwa kaka yako, Segerea. Mama yako alikuja kutoka Masasi akiwa ameshajazwa maneno: mkwe amemkalia mwanawe kifuani, amemvunja mbavu, ndiyo maana mkono umelemaa na mtu haongei. Nilipoyasikia nilitaka kucheka. Nilikaa kwa raha zangu, nikijua wewe upo, utafungua mdomo na mambo yataisha. Tena siku hiyo ulikuwa mchangamfu, ulikuwa unabishana na kaka yako kuhusu penalti ya mechi ya juzi yake.

Mama yako akakuuliza kwa upole, "Mwanangu, mbavu alikuvunja nani?"

Ukainamisha kichwa. "Ni yeye."

Nikasubiri uendelee. Watu wote walisubiri. Wewe ukaanza kukunjua mkunjo wa suruali yako kwa mkono wa kushoto, polepole, kana kwamba hakuna mtu mle ndani. Kaka yako akasema, "Umesikia mwenyewe, shemeji." Nilipotaka kueleza nikaambiwa hayo ni mambo ya ukoo. Shabani na majirani walioona kwa macho yao hawakuitwa. Wiki ileile ukafungashiwa nguo zako na mama yako mkaondoka.

Ni yeye! Ni kweli, ni mimi. Ungesema uongo ningeukanusha, lakini nitakanushaje kitu nilichokifanya kwa mikono yangu na ningekifanya tena? Nimejaribu kukutetea kichwani mwangu. Nimejiambia anaumwa, amechoka kuwa mzigo, umeme haulaumiki akanilaumu mie niliye karibu. Labda. Lakini sonona haikukufunga ulimi, Baba Zawadi, ile penalti uliichambua vizuri tu. Umenisaliti. Nimetafuta neno laini zaidi ya hilo nimekosa.

Na bado ningemeza, kama lingeishia kwangu. Likizo nikamruhusu Zawadi aje huko Masasi akuone, maana baba ni baba. Amerudi amenenepa, ana hadithi za binamu zake na korosho, nikashukuru. Ila nikaona hanikumbatii. Nikimsuka anajivuta mbali nami. Nikasema ni ukubwa, yuko darasa la tatu sasa.

Jana ameshikwa na homa. Nikakaa kitandani kwake, nikapeleka mkono kifuani nimsikilize joto, kama ninavyomfanyiaga tangu akiwa mchanga. Akajikunja. Akafunika kifua kwa mikono yake yote miwili, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, naomba usinibonyeze."

Nilitoka nje nikasimama uani. Sikujua niende wapi.

Sasa sikiliza. Sikuombi urudi, na kikao kingine sitaki. Kliniki ya mkono nenda, na mtu wa kuzungumza naye mtafute huko huko, nakuombea upone, na hilo natamka kwa moyo safi hata nikiwa na hasira hizi. Nataka jambo moja tu. Mpigie mwanao. Nitampa simu kisha nitatoka, sitasikiliza. Mwambie ni kweli mama alinivunja mbavu. Halafu, safari hii, usikunjue suruali, endelea. Mwambie, "Nilikuwa nimekufa."

Piga leo. Zahanati wamempa dawa, na anakubali kunyweshwa na mke wa Shabani. Kwangu hataki.

Ni mimi,
Mama Zawadi