Hongzao Si Farasi wa Moto

Kijiji cha Liushuwan,
Wilaya ya Minle,
Gansu.
Tarehe 3 Desemba 2025

Mpendwa Suyun, mwanangu,

Pokea salamu kutoka huku chini ya milima ya Qilian, ambako theluji imeshafika kwenye vizingiti na barafu ya kisimani tunaipasua kwa shoka. U hali gani huko Shenzhen? Kile kikohozi cha mwezi wa tisa kimekwisha? Unakula chakula cha kueleweka, au bado ni zile tambi za kumwagia maji ya moto? Mimi ni mzima. Goti la kushoto huniuma kukiwa na upepo, na huku upepo haukomi, kwa hiyo mengine jazia mwenyewe.

Naandika barua kwa sababu simu imenishinda. Nilikutumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu nikikueleza jambo zito kwa utulivu, nawe ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Nilimwonyesha jirani yangu, Bibi Kou, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mimi sikucheka. Kaa chini uisome hii mpaka mwisho.

Sikufichi, nimekasirika. Nimemkasirikia yule mtaalamu wa klabu ya farasi unakofanya kazi, nimemkasirikia kaka yangu ambaye ni baba yako, na zaidi ya wote nimekukasirikia wewe.

Baba yako alikwambia Hongzao alimsukuma akateguka. Hakuteguka. Hongzao alimpiga teke tarehe tano mwezi uliopita, akamvunja mbavu mbili. Daktari alimfunga kifua na anaendelea vizuri, anakunywa bakuli tatu za supu ya kondoo kwa siku, basi usianze kulia. Ila yupo mtu wa kununua farasi wa nyama anayepita huku na lori lake, na amekwisha kuambiwa apite nyumbani kwenu tarehe ishirini mwezi huu, asubuhi. Anakuja kumchukua Hongzao. Nilipomuuliza baba yako nani ameamua, alinifungulia simu nikasikia sauti yako mwenyewe ikisema farasi wa Moto akishaharibika hatengenezeki, auzwe kabla hajaua mtu.

Nilisikiliza mara mbili. Nilidhani labda nimezeeka, masikio yananidanganya.

Sasa tuanze na huyo mtaalamu. Ulimtumia picha ya Hongzao na mwaka aliozaliwa. Yeye akaangalia manyoya mekundu, akaangalia mwaka wa Jogoo wa Moto, akakuletea jedwali lililopambwa vizuri la tabia tano za farasi, kila tabia na rangi yake: farasi mwekundu ni Moto, mweusi ni Maji, mweupe ni Chuma, wa manjano ni Udongo. Na farasi wa Mti, kwa kuwa rangi ya Mti ni kijani? Hapo jedwali lina kisanduku kitupu. Mwanangu, hata wewe hukujiuliza? Kwa hesabu ya bwana huyo, tangu dunia iumbwe hakujazaliwa farasi wa Mti katika China nzima, maana hakuna farasi wa kijani. Tena hao wa Mti ndio wanaojaza viwanja vya mbio, wakali, wenye kijicho, wasiokubali kuona mkia wa mwenzao mbele yao. Sijui huko klabuni kwenu anawaweka wapi.

Babu yako alitibu farasi miaka arobaini na nane katika wilaya hii na hakuna siku aliyomhukumu farasi kwa koti lake. Akiletewa farasi mgeni, alimpa majira yote ya baridi kwanza. Alitazama anavyokunywa, anavyolala, anavyomuaga mwenzake akitolewa zizini. Kisha siku moja, farasi akiwa amejisahau, alidondosha karai la bati juu ya mawe. Wa Mti hulisogelea karai kwa hasira. Wa Moto hukimbia, halafu hurudi akirukaruka ili watu wamtazame. Wa Udongo huinua kichwa, kisha huendelea kula. Wa Chuma husimama wima akingoja aambiwe la kufanya. Na wa Maji hujibana ukutani akitetemeka, macho yake yakitafuta mlango, na mwaka unaofuata akiliona karai lile kwa mbali hukataa kupita. Hilo umelijua tangu ukiwa na miaka sita, na wewe ndiye uliyekuwa ukiomba kudondosha karai.

Hongzao ni Maji. Ni mwekundu kama tunda alilopewa jina lake, sawa, lakini ni Maji mpaka kwenye uboho. Hanywi kabla hajaitazama ndoo. Ukimkosea leo, atakuwekea kinyongo miaka mitatu. Babu alipokupa farasi huyo akiwa mtoto wa miezi sita, hakutaka kusogelewa na mtu, nawe ukakaa uani siku tatu umempa mgongo, unamenya mbegu za alizeti, mpaka akaja mwenyewe kukunusa shingo. Hukufundishwa na jedwali. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulimwelewa farasi yule kuliko sisi sote. Ndiyo maana naudhika. Angekuwa mtu mwingine ningesema hajui.

Na tazama mlichomfanyia. Mtaalamu alisema Moto huzimwa kwa maji, baba yako akafuata neno kwa neno. Akamtoa Hongzao kwa wenzake akamfungia peke yake kwenye banda la kaskazini, lile lisiloona jua kuanzia mwezi wa kumi hadi wa pili, lenye bati lililolegea ambalo upepo ukivuma hupiga kelele kutwa. Mahindi akanyimwa. Maharage akanyimwa. Kila asubuhi akamiminiwa kooni dawa ya mizizi michungu ya kupoza mwili. Kila asubuhi, Suyun, mwezi mzima. Farasi wa hofu anatengwa, anatishwa na bati, analazwa njaa na kupozwa tumbo, halafu tunashangaa kwa nini amepiga teke. Baba yako aliingia na ndoo kwa nyuma bati likigonga. Hata mimi ningepiga teke.

Nimeona farasi wengi wakiteswa na watu wasiojua kitu. Hawa huwa nawasamehe. Anayeniumiza ni anayejua, kisha akaweka alichokijua pembeni kwa sababu mtu fulani amevaa buti za kung'aa na kuandika kwa rangi.

Baba yako alipolazwa nilikwenda kumwambia nitamlisha Hongzao, maana yeye hawezi kuinama. Hakukataa. Sikumwambia kwamba nitamlishia kwangu. Nilimtoa kwa kamba ndefu, hatua tatu tunasimama, hatua tatu tunasimama, mwendo wa dakika kumi ukatuchukua asubuhi nzima. Bibi Kou alitangulia mbele akiwafukuza mbwa. Nikamweka kwenye zizi linalopata jua, karibu na Dun, farasi wangu mzee. Dun unamkumbuka, wa Udongo yule, banda likiwaka moto atamaliza pumba kwanza. Nikampikia Hongzao pumba ya vuguvugu yenye chumvi na shayiri, sikumgusa, sikumsemesha. Nilichukua kigoda changu nikakaa uani nimempa mgongo kama ulivyofanya wewe, ila mimi nilikuwa na makoti mawili na goti bovu.

Siku ya kumi na moja Hongzao alikula huku Dun amefumba macho pembeni yake. Ya kumi na nne alininusa kofia. Mbavu zake zimeanza kufunikwa na nyama, na kile kijasho cha baridi cha mapajani kimeacha.

Juzi mchana baba yako alikuja na fimbo yake, anatembea kama amebeba mayai kifuani. Alikuja kugomba. Nilimwona anafungua mdomo kabla hajafika langoni, nami nikafungua wangu. Kisha akasimama. Hongzao alikuwa amelala chini kwenye majani makavu, juani, miguu ameinyoosha yote minne, anakoroma. Farasi wa Maji halali namna ile mpaka awe na hakika hakuna atakayemdhuru. Baba yako aliegemea lango.

“Huyu anajua kulala?” akaniuliza polepole.

“Anajua. Alikuwa hana pa kulala.”

Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabana mwezi mzima. Nikamwambia, “Kaka, baba alitufundisha pamoja kwenye ua mmoja. Huyu ulimjua ni Maji tangu ananyonya. Ulikubalije upuuzi ule?”

Alivua kofia akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

“Tangu aende kusini, Suyun hajawahi kuniuliza kitu cha hapa nyumbani,” alisema. “Mwaka mzima ananitumia vipicha. Siku ile ya jedwali alinipigia, tukaongea saa nzima. Akawa anapiga kila jioni. Hongzao kala nini, kalala wapi, dawa kaimaliza? Ningemwambia amekosea, angepiga tena?”

Suyun, nilikuwa nimejiandaa kumtukana na maneno nilikuwa nayo mengi. Badala yake nilimvuta akae kwenye kigoda changu, nikaingia jikoni kumtengenezea chai, na huko jikoni nililia. Nilikulilia wewe, nikamlilia yeye, na nilikuwa bado nimekasirika.

Nilidhani baada ya hapo angempigia mwenye lori kumwambia asije. Hataki. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemtuma Bibi Kou. Anasema farasi ni wako, ulipewa na babu, umeshasema auzwe, basi. Nikamwambia basi mpigie mtoto umweleze ukweli wa mbavu na wa banda. Akasema hataki ujue kwamba jedwali lako ndilo lililomvunja mbavu, kwa kuwa utaona aibu, na mtu mwenye aibu hapigi simu. Ndivyo alivyo. Atakaa kimya, atamfunga Hongzao kamba tarehe ishirini kwa mikono yake mwenyewe, na jioni atakuambia mambo yote yamekwenda vizuri.

Kwa hiyo nakwambia mimi, na akijua atanikasirikia mpaka sikukuu ya mwaka mpya, na anikasirikie. Mimi siwezi kumzuia mwenye lori. Nimejaribu kufikiria kufunga lango na kukaa nyuma yake na uma wa majani, lakini farasi si wangu. Neno ni lako, na baba yako hatalivunja hata akiona ni la kijinga. Lazima ulivunje mwenyewe.

Msalimie binamu yako Chunlei na mkewe Aixiang, uwaambie siagi ya ng'ombe wa yaki niliyowaahidi nitaituma barabara ikifunguka. Bibi Kou anakusalimu, anasema ukija uje na mafuta ya kuchua miguu. Mbingu ikulinde katika kazi zako, na wazee wetu waliotangulia wakutengenezee njia ya kuja nyumbani kabla ya theluji nyingine.

Barua hii ikikufikia, mpigie baba yako siku hiyo hiyo. Mwambie ulikosea, Hongzao asiuzwe. Halafu usikate simu. Muulize amekula nini, amelala wapi, dawa yake ameimaliza.

Shangazi yako, akupendaye hata anapokugombeza,

Qiao Yinhua