Kompyuta ya Vipande na Likizo Yako

Baba Nyamisi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nikinyonyesha, ya pili nimeegemea mashine ya fotokopi, ya tatu nikiwa na hasira kidogo. Unasema wale mafundi wa ng'ambo wamefungua mchango mwingine, wa toleo jipya la kompyuta yetu ya mkononi, na unafungwa Ijumaa. Unasema mwaka huu usije likizo, ulichoweka cha safari tukipeleke huko. Halafu unaniuliza, "Unaonaje?"

Nakujibu kwa barua, na naiweka wazi kila mtu asome, kwa sababu vijana wa hapa Bunda wakiniona steshenari na kile kidude wananiuliza hilo hilo: "Dada, na sisi tuchangie?"

Unakumbuka siku uliyonionyesha picha zake? Tulikuwa benchi la nje, mikono ina mafuta ya mihogo, ukafuta simu kwa mkono wa shati ili nione vizuri. "Angalia, kinafunguka kama redio. Skrini inatoka, kibodi inatoka, bodi inatoka. Kikifa kipande, unabadilisha kipande. Na ndani kinaendeshwa na Linux, programu ya bure, hakuna wa kukukataza kitu."

Nikakuuliza, "Kinauzwa wapi?"

"Bado hakijatengenezwa."

"Sasa unanunuaje kitu ambacho hakipo?"

"Sinunui, mke wangu. Nachangia."

Nilicheka, lakini usiku nililala nakifikiria. Kompyuta nzima inayoingia kwenye pochi! Nilitaka kukiona kwa ndani kuliko hata nilivyotaka kukitumia. Hilo sikukwambia.

Ila lile neno mchango lilituponza. Tulipokwenda Butiama kumsalimia mama yako, ukamwambia tumechangia kompyuta. Akaacha kupepeta.

"Mchango? Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa, mama. Ni kompyuta."

"Kompyuta inaoa?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Haya. Mkishatoa mnyamaze. Mtu hadai mchango."

Na sisi, kweli, tukanyamaza. Kwetu aliyechangia harusi haendi kuuliza mapambo yamefikia wapi, ataonekana ana njaa. Barua pepe za wale watu zikawa zinakuja, Kiingereza kirefu, tunaziona tunaziacha. Ipo moja niliyoisoma nusu nikakuuliza, "Hawa wanaomba tena?" Ukasema, "Achana nayo, tulishatoa." Kumbe ile ndiyo ilikuwa inatuuliza tuchague kipande cha kuwekea laini ya simu, na tuthibitishe anwani. Wenzetu wa nchi nyingine wakajibu. Sisi tukakaa na adabu zetu. Kosa si lako peke yako, Baba Nyamisi, ni letu wote wawili. Naliandika ili mwingine asilirudie.

Walisema miezi sita. Nyamisi alitungwa, akabebwa, akazaliwa, kifurushi bado. Wewe ulishakwenda Geita kazini, posta ya Musoma waliponipigia simu. Nilikwenda na mtoto mgongoni, nikafungulia pale pale kaunta sababu sikuweza kusubiri. Kipande cha laini hakimo. Betri hazimo pia, karatasi inasema betri za namna ile haziruhusiwi kwenye ndege.

Nikateremka Mwigobero, ziwani, kwa baba yangu, nina uchovu wa kulia. Alikuwa anapigilia ubao wa mtumbwi, misumari mdomoni. Nikamweleza yote. Akatema misumari kiganjani.

"Yaani mlimpa fundi hela, mkakaa mwaka mzima hamjamsumbua?"

"Mama mkwe alisema mchango haudaiwi, baba."

"Mchango gani? Hiyo ni oda. Mimi huwaga napewa hela ya mkuku, ule uti wa chini wa mtumbwi, mwenyewe anakuja anaugusa mkuku, ndiyo ananipa ya mbao. Asipokuja," akacheka, "mwanangu nisikudanganye, naanza na mtumbwi wa anayekuja kunisumbua."

"Kwa hiyo unachelewesha watu makusudi?"

"Sicheleweshi. Nasahau."

Ndivyo baba yangu alivyo, anakuibia siri yake mwenyewe. Lakini nilirudi Bunda nikiwa nimeelewa kitu.

Nilikiunga mwenyewe, na hili ndilo nililotaka ulione ukiwa umekaa pembeni yangu. Fundi simu wa jirani alinitolea betri mbili ndogo za ndani ya betri kuukuu ya laptopu, akazipima mbele yangu. Nyamisi amelala kwenye maboksi ya karatasi, mimi nina bisibisi. Kila kipande kina mahali pake pamoja tu, ukikosea kinagoma kuingia. Nikawasha. Skrini nyeusi, kimstari cheupe kinapepesa, kinanisubiri. Sikujua niandike nini. Nikaandika Nyamisi. Ikanijibu kwamba haiijui amri hiyo. Nikacheka peke yangu: hata mimi mama yake amri ya huyu mtoto bado sijaijua.

Tangu hapo kila siku naijaribu amri moja. Nyingine zinafanya kazi, nyingine sijui zimefanya nini. Umeme ukikatika, duka zima linanyamaza ila mimi. Nachapa barua za watu kwa vidole gumba, mtoto kifuani, umeme ukirudi natoa kwenye printa. Mzee mmoja aliyekuja kutoka Buswahili alisimama akiniangalia, akauliza, "Binti, hiyo kalkuleta inaandikaga barua?"

Sasa ukweli kwa wanaouliza. Maandishi yake ni madogo, jioni macho yanawasha. Cha kwetu hakipigi simu. Aliyezoea kugusa gusa picha kitamchosha siku ya pili. Mwenye shida ya kompyuta leo, anunue laptopu iliyotumika, aiwashe kabla hajatoa hela. Anayetaka kujua vitu vinafanyaje kazi, na anaweza kungoja mpaka asahau kwamba anangoja, huyo achangie. Ila aende kama mwenye mtumbwi: asome kila barua, aulize, aombe picha ya kilichokwisha kutengenezwa. Na asiweke kitu ambacho nyumba yake itakilia kikipotea.

Hapo ndipo nakuja kwako.

Jumatatu niliwaandikia wale mafundi, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Niliwauliza lini wataanza kutuma. Wakajibu. Nikawauliza betri zitakuwa za aina ile ile? Wakajibu, ndiyo. Nikawauliza: bodi mpya itaingia kwenye kasha letu la zamani? Wakasema wanatumaini hivyo.

Wanatumaini! Baba Nyamisi, sifa yote ya hiki kitu ni kubadilisha kipande. Kama bodi mpya haiingii kwenye kasha la zamani, basi wanatuuzia kizima kingine kwa jina la vipande. Bodi yenyewe ikishatengenezwa, ikajulikana inaingia, tutainunua ikiwa ipo. Hata kipande cha laini siku hizi wanacho, wanakiuza peke yake. Hicho kitangoja mpaka tupate. Siwalaumu, wanajitahidi, na kilichokuja ni kizuri. Nakipenda. Lakini jibu langu ni hapana.

Si kwa sababu naogopa kutapeliwa. Mtoto ana mwaka mmoja na wewe umemshika siku tisa. Mimi usiku naamka peke yangu, asubuhi nafungua duka peke yangu, na jambo la kunifurahisha nikiligundua nakuandikia halafu nasubiri upate mtandao. Kompyuta ikichelewa mwaka, itakuja ile ile waliyoichora. Nyamisi hatakuwa huyu.

Kwa hiyo, hiyo Ijumaa wanapofunga mchango wao, wewe panda basi. Naandika kwa upendo, lakini si ombi.

Na usipige simu ukifika stendi. Tangu juzi kila anayebisha hodi mlangoni mtoto anamwita baba. Kamwita muuza maji, kamwita na mama mchungaji. Njoo ubishe wewe, apatie.

Safari njema, mume wangu.

Mkeo,
Mama Nyamisi