Kanuni ya Sita Haipo

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na natumai u mzima huko kwenye joko lenu la mikate. Mimi sijambo, ukiacha magoti, ambayo siku hizi hayapandi kilima cha shimo la tisa bila kunung'unika.

Nina jambo moja. Jana katibu wa klabu alinipa karatasi mpya ya Kanuni za Kiwanja niibandike ubaoni, pale wachezaji wa gofu wanapoanzia. Mimi huisoma kwanza, maana ndimi ninayepaka vigingi rangi: vyeupe vya mpaka, vya buluu pale ardhi inapotengenezwa. Nilipofika kanuni ya sita nikakuta habari za vigari vya kukokotea mifuko. Nikarudi juu, nikashuka tena. Ya kwetu haipo.

Unaikumbuka? "Mpira ukiangukia uani kwa mtunza nyasi, mchezaji atauokota na kuuchezea nje ya uzio bila adhabu. Nguo zilizoanikwa zisiguswe." Hayo ya nguo ni ya mama yako, siku alipomkuta yule daktari wa meno amesogeza mashuka yake ili apige vizuri. Alimtoa uani mbio, fimbo mkononi. Mwaka uliofuata yakaandikwa.

Nikamuuliza katibu kama mchapaji amekosea. Akasema, "Mzee, haitahitajika tena." Wanataka kuivunja nyumba mwisho wa Juni, shimo la saba lirefushwe. Kamati itakaa tarehe kumi Aprili kuamua. Wewe una kalamu nzuri kuliko mimi. Niandikie barua ya kuwaomba waniache nimalizie siku zangu humu, nami nitaipeleka mwenyewe. Ni miaka thelathini na moja, mwanangu. Sina nguvu za kuanza upya.

Baba yako

29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mume wangu anakusalimu, anauliza hali ya magoti.

Barua yako niliipata katikati ya Machi. Sitaisingizia posta. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mizani ya unga, na kila nilipopima unga niliiona. Nilikuwa na hasira. Tangu msiba hujaniandikia hata mstari, miaka minne, halafu unaniandikia niitetee ile nyumba. Mama alifia chumba cha nyuma, peke yake, na wewe uko hatua mia mbili unakata nyasi za watu. Ulisema hukupata habari kwa wakati. Mdomo wangu ulikubali, moyo bado.

Hata hivyo barua uliyoomba imo ndani ya bahasha. Nimeiandika mara tatu. Tarehe kumi najua imepita. Labda na kamati huwa inaahirisha mambo, kama mimi.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yako vile vile, mwambie mkwe wangu ahsante kwa kuyakumbuka.

Kamati haikuahirisha. Walimaliza kabla chai haijapoa. Barua yako nimeisoma nimekalia ndoo iliyogeuzwa, nikaisoma tena. Katibu naye nilimpa. Akavua miwani, akasema ingekuja mapema angewasomea kikaoni. Usiumie. Pengine wangeisikiliza, wakaisifu, na wakaivunja nyumba hivyo hivyo.

Juzi nimetumwa kupigilia vigingi vya buluu kuizunguka nyumba. Kwenye karatasi sasa sisi ni ardhi inayotengenezwa. Upande wa jikoni vilinitoa jasho, udongo umekanyagwa mno pale. Nilipomaliza nikaingia ndani ya vigingi vyangu nikala chakula cha mchana. Mpira mmoja ukaangukia mlangoni. Mwenyewe akaja kuuokota, akaniangalia, akasema, "Samahani, mzee." Miaka yote hiyo sijawahi kuambiwa samahani na mtu aliyefuata mpira.

Ya mama yako nimeyasoma.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Hali zetu nzuri, ila usingizi sina.

Nimeichelewesha barua yako kwa makusudi na nyumba imekwenda. Wewe unanijibu "usiumie". Ningefurahi ungenitukana, hata mstari mmoja. Upole wako huo unanichosha kuliko hasira.

Kile chumba cha uani tulichokuwa tunawekea magunia tumekitoa magunia. Mume wangu amekipaka chokaa, na nusu ya chokaa amejipaka mwenyewe. Kuna kitanda, dirisha linafunguka vizuri. Njoo kabla ya mwisho wa Juni. Usiniulize kama nimekusamehe, maana sijui. Lakini hutakwenda kupanga chumba kwa watu na mimi nipo.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mpaka chokaa wako. Mimi naendelea.

Nimeanza kufunga vitu, na kila nikifunga naona siwezi kuja kwako na ule uongo. Habari niliipata. Siku ile ya mashindano mpishi wa klabu alinijia mbio pale shimo la saba, aproni bado kiunoni, akasema mkeo anakuita, hali si nzuri. Nilikuwa katikati ya grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo. Nusu imekatwa, nusu bado. Grini ya nusu nusu mpira hauendi sawa, na kundi la kwanza lilikuwa linakuja, nikalisikia linacheka kule nyuma ya miti. Nikamwambia mpishi, mwambie nakuja, dakika kumi na tano. Nikamaliza. Nikafuta hata nyasi kwenye mashine. Nilipofika mlangoni mpishi alikuwa amekaa kizingitini, aproni ameivua.

Mama yako alikuwa mgonjwa kila wiki, nilifikiri ni kama wiki nyingine. Hiyo si sababu, nakuandikia ujue tu nilivyofikiri. Siku zote niliona aibu kukwambia, ndiyo maana nilikaa kimya. Nilikuwa siogopi kuvunjiwa nyumba, mwanangu. Nilikuwa naogopa kuhama, kwa sababu mahali pa kuhamia ni kwako, na kwako lazima niseme.

Sasa nimesema. Natakiwa kutoka tarehe ishirini na nane. Kama chumba bado kipo, niandikie. Usiponiandikia nitaelewa. Mpishi ana dada yake anayepangisha karibu na kiwanda cha matofali, nitapata pa kuweka kichwa.

Baba yako

25 Juni

Baba,

Shikamoo.

Barua hii nampa dereva wa lori letu la unga akupe mkononi, kwa sababu siku zimekwisha, na safari hii tena nilichelewesha mwenyewe. Siku ya kwanza nilimwambia mume wangu arudishe magunia chumbani. Akayarudisha. Siku ya nne nikamwambia ayatoe. Akayatoa, lakini alinitazama kama mtu anayehesabu miaka ya ndoa.

Dakika kumi na tano. Nazipima kila siku hapa. Ni muda wa mikate midogo kuiva jokoni. Nasimama pale mezani, naona jinsi zilivyo ndefu. Mtu anaweza kwenda na kurudi hatua mia mbili, akaketi, akashika mkono, akaambiwa neno. Nimelia mbele ya wateja.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukadhani kitanda ndio msamaha. Lakini miaka minne nimekukasirikia kwa mbali, nimechoka, na naona na wewe umechoka. Dereva anarudi huku kesho asubuhi na lori likiwa tupu. Panda mbele, vitu vyako viweke nyuma. Njoo Baba, nikukasirikie nikiwa nakuona.

Mwanao