Wameziba, Hawajakata

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Chiriku amelala chali sakafuni sasa hivi, miguu kainyoosha, mikono kaibana ubavuni. Nilimwendea nimnyanyue, akanikazia macho: "Mama usiniguse. Mgongo." Miaka miwili na nusu! Nilicheka. Halafu nikaingia chooni nikafunga mlango.

Anamwiga baba yake. Ndivyo anavyomwona tangu mvua zianze. Jina la Chiriku tulimpa kwa mdomo wake, hanyamazi, lakini akicheza mchezo huo hatoi hata sauti.

Mwandiko wangu bado ule wa darasa la saba. Si kitu, hapa hakuna wa kunisahihisha.

Leo daktari wa mgongo ametuita. Uvimbe ulianzia kwenye figo, ukahamia kwenye pingili ya mgongo. Saratani. Kalitaja neno hilo mara moja tu, akaendelea. Uvimbe unaubana uti wa mgongo wenyewe, ndiyo maana miguu inaingia ganzi. Usipotolewa hatatembea. Mwezi mmoja, pengine usifike.

Tatizo ni damu. Siku ile walipouchoma sindano wachukue kipande, damu ilitoka mpaka sista akaita wenzake. Wakiukata hivyo hivyo atafia kwenye meza ya upasuaji. Kwa hiyo kwanza wanaziba mishipa inayoulisha, kisha wanakata. Ndani ya siku mbili, siyo wiki! Nikauliza kwa nini haraka hivyo. Akasema mwili ni mjanja, ukiuzibia njia hii unajifungulia nyingine.

Baba Chiriku alikuwa ameshachomwa dawa ya maumivu, kichwa kinamwinama. Sijui kasikia lipi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimedanganya. Naandika hapa ili pawepo mahali pamoja panapojua.

Kaniuliza, "Watanikata?" Nikasema hapana mume wangu, wanaziba tu. Mpira mwembamba unapita kwenye kinena, hata uzi wa kushona hawatumii. Yote kweli. Nusu ya kweli.

Ningefanyaje? Dada yake aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, anawatania manesi, akatoka amefunikwa. Tangu hapo nyumbani kwao kisu ni cha vitunguu tu. Nikajisemea, hatua moja kwanza. Tukishavuka ya kwanza, ya pili itakuja yenyewe.

Karatasi zilikuwa mbili, moja ya kuziba, moja ya kukata. Kasaini ya kwanza. Ya pili nimeikunja nikaitia mkobani. Sista akasema mama, hiyo nayo naitaka kabla ya Alhamisi. Nikasema utaipata.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Wenzake wa kazini wamekuja kutoa damu, mafundi bomba wanne, buti zao zimejaa tope mpaka mfagizi akanuna. Yule mnene wao akamwambia mume wangu, "Damu yangu ina mafuta bwana, ukianza kukoroma mkeo asishangae." Akacheka, halafu akashika kitanda kwa maumivu. Wote wakatazama dirishani.

Kesho. Nina imani. Mungu hawezi kumleta mtu mpaka hapa amwachie mlangoni.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Wamemchukua saa tatu. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa sita, nimehesabu vigae vyote vya ukuta ule. Vilivyovunjika ni saba.

Daktari wa kuziba ni kijana tu, macho mekundu kwa kuchoka. Kanionyesha picha. Kabla, mishipa imetapakaa juu ya pingili kama nywele ambazo hazijachanwa. Baada yake, peupe. Wamepuliza chembe ndogo kama mchanga laini zikaganda humo. Mishipa ilikuwa mitano, wameziba minne. Wa tano unatoka shina moja na ule unaoulisha uti. Hakuugusa. Kasema angeugusa, miguu ingekwisha palepale.

Kwa hiyo damu itatoka kiasi. Lakini ya kuzuilika! Kasema hivyo, ya kuzuilika.

"Sasa saa yenu imeanza kuhesabu," akaniambia. "Alhamisi saa nne meza ni yenu."

Mume wangu kalazwa chali, mguu marufuku kuukunja kwa saa sita. Akaniuliza ndiyo basi? Nikamlisha uji kwa kijiko, nikasema pumzika.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Maumivu yamepungua! Kaamka anadai chai. Kala mkate vipande vitatu, kauliza Chiriku kalala saa ngapi, kamtania mgonjwa wa kitanda cha pili eti anakoroma kama pampu mbovu. Mama mkwe analia kwa furaha, anamshika mashavu, mwanangu, mwanangu.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa miguu. Nikaingiza mkono chini ya shuka nikamfinya kidole gumba cha kulia. Juzi alikuwa anakisikia hicho. Cha kushoto ndicho kilichokufa. Nikafinya kwa kucha. Akaendelea kuongea. Nikafinya mpaka kucha yangu ikaniuma mimi. Akaniambia, "Mke wangu mbona umenuna, siku nzuri kama hii?"

Nikaurudisha mkono mapajani.

Ndipo sista akaingia kudai karatasi ya pili.

"Karatasi gani tena?"

"Ya upasuaji baba. Kesho."

Akanigeukia. Wala hakufoka, afadhali angefoka. "Si ulisema wanaziba tu?"

Nikautazama mkoba.

Akamwambia sista, dada, mimi miaka kumi na mbili naziba mabomba, likizibwa limezibwa. Uvimbe hauna maji, utakauka wenyewe. Naenda nyumbani. Mama mkwe akadakia: mtoto kapona, mnataka kunimalizia na wa pili? Kisha akanigeukia mimi: njia ya mwongo fupi, mwanangu, na yako imefika mwisho. Mbele ya wodi nzima.

Daktari wa mgongo kaja, kaeleza taratibu, mume wangu kageukia ukuta. Nje daktari akaniambia maumivu kupungua siyo kupona, wala uvimbe haukauki. Meza ataishikilia mpaka saa nne. Nyingine ni wiki ijayo, na wiki ijayo mishipa itakuwa imejifungulia njia mpya, hatathubutu kuugusa uvimbe.

Nikarudi nyumbani. Chiriku kaniuliza baba yuko wapi. Nimembeba mpaka mikono ikafa ganzi.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Niko kwenye benchi la ukumbini. Saa tatu na dakika kumi na nane.

Nilipofika asubuhi nilikuta keshavalishwa shati. Shemeji, mdogo wake, kaenda kutafuta gari. Kitanda wamekiinua kichwani, miguu inaning'inia pembeni. Mama mkwe kapiga magoti anamvalisha viatu, anahema, anafunga kamba polepole kama ya mtoto wa shule. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa na maneno nimeyapanga njiani, yote yakanipotea.

Mume wangu alikuwa anatazama mlango, anataka kuondoka.

"Mama, nivalishe basi viatu, gari litafika."

Mama mkwe akabaki na mkono hewani.

"Mama?"

"Nimeshakuvalisha, baba."

Akainama kutazama. Viwili, vyeusi, kamba zimefungwa. Akajaribu kuinua mguu. Aliukazia macho kama mtu anayemwita mtoto mkaidi. Haukuja.

Wodi nzima ikageuka kumtazama. Hata yule wa kitanda cha pili.

Nikasema, nilijua tangu jana. Nilikufinya ukiwa unacheka.

"Na hilo nalo ukanificha."

Nikasema ndiyo. Nikasema na kisu nilikuficha, nilijua tangu Alhamisi ile, nilitaka tu upite mlango wa kwanza, mengine nilidhani yangefuata. Nilikuogopa. Hapana. Nilikuogopea. Nikasema ukibaki huenda nikakukosa leo, ukienda nitakukosa kidogo kidogo, na Chiriku atakuwa anatazama. Sijui niliyatoa wapi.

Akasema, "Tokeni. Wote."

Tumetoka. Mama mkwe yuko hapa kando yangu, bega lake limegusa langu, halijaondoka. Shemeji kapiga simu, gari liko getini. Na mbeba wagonjwa naye kaleta machela, kaiegesha ukutani, anapangusa magurudumu bila sababu. Kaniambia, "Mimi nasubiri mpaka saa nne kamili, mama, baada ya hapo wananihitaji kwingine."

Zimebaki dakika thelathini na tano. Ni nyingi! Chiriku alizaliwa kwa muda mfupi kuliko huo, na mkunga alikuwa bado anavaa glavu.

Karatasi ninayo mapajani. Nimeinyoosha, mikunjo haitoki. Akikataa nitamvua viatu mwenyewe, nimbebe mgongoni nimpeleke nyumbani, sitamlaumu. Akikubali, basi Mungu wangu, mikono ya yule daktari, na ule mshipa wa tano...

Sista kachungulia. Anasema Mama Chiriku, anakuita wewe, siyo mama yake, anasema uje na ile karatasi.