Mwana wa Tirza

Baba Elhanan,

Dengu ziko jikoni, zipashe moto. Tehila akitoka shule akatununulie mikate miwili ya Sabato kabla duka halijafungwa.

Asubuhi nilikusikia ukimwombea mwanetu: "Elhanan mwana wa Yedidya." Mume wangu, mgonjwa huombewa kwa jina la mama yake. Kwa jina la baba hutajwa marehemu! "Ulimi umeteleza tu, mke wangu," ukasema nilipokuuliza. Haukuteleza. Moyo wako umeshamzika.

~~Bandua ile karatasi ya maombi yenye jina lake kwenye friji.~~ Iache.

Nimekwenda kukaa naye hospitali. Hata mimi tangu Jumapili sala hainitoki mdomoni. Lakini bado anapumua. Mpaka nitakapopiga simu, mtajeni mwana wa Tirza.

Mama Elhanan